CHUMA AU MASHINE? Gunia la alizeti lilivyoniumbua Kinampanda

Asikwambie mtu, hakuna aibu kama kuumbuliwa mbele ya mjomba wako huku watoto wa jirani wamejipanga ukutani kama wako sinema. Mimi yamenikuta, tena mchana kweupe, na aliyeniumbua wala hakuwa mtu. Lilikuwa gunia la alizeti.

Ilikuwa Juni 2024. Nilikuwa nimetimiza mwaka mmoja na miezi miwili nikipiga tizi kwenye jimu moja hapa Dar, zile zenye kiyoyozi na vioo kila ukuta, unajiona mbele, unajiona nyuma. Kifua kilikuwa kimejaa, fulana za zamani zote zimegoma kupita mabegani, na kwenye mashine ya kusukumia kifua nilikuwa naweka kipini kwenye kilo 80 bila kukunja uso. Washikaji wa maskani wakaanza kuniita Baunsa. Kichwa nacho, bwana wee, kikavimba kuliko kifua.

Basi nikapanda basi la Mwanza. Morogoro, Dodoma, Manyoni, Singida, nikashuka Misigiri, nikadaka usafiri mwingine mpaka Kinampanda, wilaya ya Iramba, nyumbani kwa akina mama. Kwa wasiopajua, ndiko kiliko Chuo cha Ualimu Kinampanda, na si ajabu mwalimu wako mmoja wa shule ya msingi, yule aliyekuchapa kwa ajili ya hesabu za mafungu, alipitia pale.

Nilimkuta mjomba uani. Alizeti imeshapigwa, magunia yamepangwa, gari la mnunuzi limefika na dereva anapiga honi ya haraka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Eeeh! Umejaa kweli kweli. Hebu wasaidie vijana hapo."

Nikavua shati makusudi. Gunia lenyewe halikuwa la ajabu, mizani ya mnunuzi ilisoma kilo 65. Nikapiga hesabu ya haraka: mimi ni mtu wa kilo 80, hili si mto wa kulalia tu? Nikainama, nikalikumbatia, nikavuta. Likapanda hadi magotini. Hapo alizeti ikahamia upande mmoja humo ndani, gunia likapinda kama mlevi anayetoka kilabuni, na mimi nikapinda nalo. Kiuno kikalia ka! Nikaliachia, likatua juu ya ndala yangu.

Mjomba hakucheka. Angecheka ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Pole mjomba, safari ni ndefu."

Akaja binamu yangu, mwanawe mjomba. Miaka 21, mwembamba ukimwona kwa mbali, kilo 65 hazifiki hata akipimwa na viatu. Akachuchumaa, akalivuta gunia hadi mapajani, akalizungusha, likakaa begani. Akaenda nalo. Akarudi kuchukua la pili, halafu la tatu, na mimi nimesimama nimeshika shati langu.

Jioni nikamuuliza siri yake. Akanipeleka nyuma ya jiko. Pale kulikuwa na chuma cha ekseli, gia kadhaa kutoka lori lililokufa zamani, makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, na benchi la mbao. Hiyo ndiyo jimu yake. Akapakia kilo 45 akanikaribisha nilale chali. Nikasema moyoni, hapa sasa ndipo narudisha heshima.

Heshima gani! Chuma kikaanza kucheza. Mkono wa kulia unakwenda Kiomboi, wa kushoto unarudi Singida. Mara ya sita kikanilalia kifuani na pumzi ikakata. Lau binamu asingekuwepo kukinyanyua, sijui kama ungekuwa unasoma makala hii.

Nimesimulia yote haya kwa sababu usiku ule ule, tukiwa tunakula, binamu alinitolea neno zito. Kuna mtu mjini alikuwa anauza mashine iliyotumika, ile moja kubwa yenye vituo vinne: kifua, mgongo, mapaja, mikono. Bei shilingi milioni tatu na nusu. Binamu anataka kufungua jimu ya vijana pale kijijini, wanachuo wako, vijana wa senta wako, wateja anawaona. Mjomba alikuwa radhi kuuza ng'ombe wawili na kuongezea pesa ya alizeti. Muuzaji anataka jibu Jumamosi.

"Baba amesema atakusikiliza wewe, kaka," akaniambia. "Wewe ndiye umezitumia huko Dar."

Siku ile ilikuwa Jumanne. Ng'ombe wawili wa mjomba walikuwa wananing'inia kwenye ulimi wangu, ulimi wa mtu aliyeshindwa na gunia. Sikulala vizuri.

Kwa hiyo nikaanza kusoma na kuuliza, na haya ndiyo niliyoyapata. Kwanza ile kilo 80 yangu. Kwa taarifa yako, namba iliyoandikwa kwenye mashine si lazima iwe ndiyo unayoisukuma. Kwenye baadhi ya mashine waya unapita kwenye kapi linalotembea pamoja na mzigo, na kapi la namna hiyo linakupunguzia uzito kwa nusu. Kipini kinasoma 80, wewe unasukuma kama 40 na msuguano kidogo juu yake. Mashine nyingine hazina mchezo huo, kilo ni kilo. Ndiyo maana mtu anahama jimu na ghafla anajiona amekuwa simba au amekuwa paka, kumbe mtu ni yule yule.

Pili, mashine imefungwa kwenye reli. Inapanda na kushuka njia moja tu, wewe kazi yako ni kusukuma. Chuma hakina reli. Kila sekunde kinataka kuanguka mbele, nyuma au pembeni, na wewe ndiye reli. Kiuno, tumbo, bega, misuli midogo ya kushikilia viungo, yote inaitwa kazini. Mwaka mzima mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti chenye mto mgongoni. Kiuno changu kilikuwa likizo ya malipo.

Lakini usinielewe vibaya ukadhani mashine ni uzushi. Wala si mambo ya juzi. Daktari mmoja wa Sweden, Gustav Zander, alikuwa na mashine zake za mazoezi pale Stockholm tangu miaka ya 1860. Aliyezipeleka mbali kwenye upande wa misuli ni Mmarekani, Arthur Jones, jamaa mkorofi aliyekaa Afrika akipiga filamu za wanyama pori hadi alipoondoka Rhodesia, Zimbabwe ya leo, mwaka 1968. Mwaka 1970 akatoka na mashine zake za Nautilus. Ujanja wake ulikuwa kwenye gurudumu. Ukikunja mkono na dambeli, mwanzo ni rahisi, katikati panauma, mwisho ni rahisi tena. Jones akaweka gurudumu lisilo duara, lina umbo kama kome wa baharini, ili mzigo ubadilike kadiri mkono unavyokwenda na misuli isipate mahali pa kupumzikia. Akili hiyo! Na Dorian Yates, Mwingereza aliyechukua ubingwa wa Mr Olympia mara 6 mfululizo, 1992 hadi 1997, alijengea mwili wake kwenye jimu ya chini ya ardhi Birmingham, akichanganya vyuma na mashine bila kubagua.

Sasa swali lenyewe: kipi kinajaza misuli zaidi? Hapa wazee wa chuma wataninunia. Mwaka 2023 watafiti wa Norway walikusanya majaribio 13 yaliyokwishafanywa, yenye watu zaidi ya 1,000, wakalinganisha waliotumia vyuma na waliotumia mashine. Kwenye ukubwa wa misuli hawakuona tofauti ya maana. Msuli hauna macho, haujui kama unavuta gia ya lori au mashine ya dola. Unachojua ni kwamba umebanwa mpaka karibu kushindwa, na kwamba wiki ijayo umebanwa zaidi.

Tofauti iliyojitokeza ni ya nguvu. Waliofanya na vyuma waliongezeka zaidi walipopimwa kwa vyuma. Nguvu inakaa pale ulipoifundishia.

Alhamisi nikaona hayo kwa macho yangu. Tulikwenda na binamu jimu moja ya Singida mjini, tukalipia siku moja. Nikamkalisha kwenye mashine ya kunyooshea magoti. Mbeba magunia wangu akaanza kutetemeka kwenye mzigo ambao mimi napasha nao! Akahamia ya kifua, akasukuma pungufu yangu kwa mbali, huku anaitazama ile mikono ya mashine kana kwamba inamsemesha lugha ngeni. Nilifurahi, sikufichi. Nikamwambia, "Pole binamu, safari ni ndefu."

Tukicheka, tukakaa nje na soda, tukaanza hesabu za ukweli. Mashine ina mazuri yake na nilimtajia yote. Mtu mgeni wa mazoezi anaikalia na kuanza bila kufundishwa sana. Mtu anayetoka kwenye jeraha, mama wa miaka 60 anayetaka kuimarisha magoti, wanaweza kufanya kwa usalama. Ukiwa peke yako unaweza kujisukuma mpaka mwisho, ukishindwa unaachia na hakuna kinachokulalia kifuani. Na sehemu kama nyuma ya mapaja, kwa vyuma vitupu unahangaika, kwa mashine ni dakika.

Ila mashine moja yenye vituo vinne ina maana ya watu wanne kwa wakati mmoja, wengine wamekaa wanapiga soga. Kiti kimepimwa kwa mtu wa kimo fulani, na vijana wa Kinampanda hawakuzaliwa kiwandani. Na ile rundo la uzito likiisha, limeisha, huongezi. Kijana akishazoea baada ya mwaka, anakwenda wapi?

Ijumaa nikamweleza mjomba vyote, vya huku na vya huku. Alisikiliza ametulia, akauliza swali moja tu.

"Hilo waya likikatika, mjomba, fundi wake yuko wapi?"

Nilitazamana na binamu. Ng'ombe wakabaki zizini.

Sikutaka kumwacha dogo hivi hivi na ndoto yake, kwa hiyo Jumamosi tuliingia kazini. Na hapa, msomaji, kama unataka jimu ya nyumbani na mfuko umetoboka, chukua kalamu. Zege zito lina uzito wa karibu kilo 2,400 kwa kila mita moja ya ujazo. Maana yake kopo la rangi la lita 4 ukilijaza zege unapata kilo 9 na ushee, karibu 10. Ukitaka sahani ya mviringo, chukua beseni lenye upana wa sentimita 30, mwaga zege kwa kina cha sentimita 6, hapo pia umepata kama kilo 10. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ukiuchanganya na mchanga na kokoto kwa vipimo vya kawaida vya fundi, unatoa zaidi ya kilo 250 za zege. Kokoto Singida hatununui, mawe tumepewa bure na Mungu. Weka kipande cha bomba katikati kabla ya kumwaga ili upate tundu, na wavu au vipande vya nondo ndani ili sahani isipasuke ikianguka. Kisha iache ndani ya maji au chini ya gunia bichi kwa siku 7. Binamu alitaka kunyanyua siku ya pili, nikamzuia.

Cha kushikilia usitumie bomba la maji, linapinda. Nondo ya milimita 25 ina uzito wa karibu kilo 3.9 kwa mita, kwa hiyo mita 2 ni karibu kilo 8. Kwa kuanzia inatosha, na vile vikwaruzo vyake vinashika mkono vizuri. Baadaye tafuta ekseli.

Jambo moja sikukubali kulipuuza, maana kifua changu kilikuwa bado kinauma: tulimwita fundi wa kuchomelea akatengeneza nguzo mbili zenye vyuma vya pembeni vya kuzuia, usawa wa kifua cha mtu aliyelala. Ukishindwa, chuma kinakaa pale, hakikulalii. Hiyo ndiyo ilikula pesa kuliko vyote, na ndiyo sababu ya kulala usingizi. Tukaweka sheria ya pili, kwamba hakuna anayelala benchi bila mtu kichwani pake. Ya tatu, kila sahani inapimwa. Tulipeleka kwenye mizani ile ile ya alizeti, na moja ikakutwa imezidi mwenzake kwa kilo moja na nusu. Unaona? Mwaka mzima ungenyanyua hivyo ungetembea umeinama kama mnazi wa Bagamoyo.

Na mashine pia tumepata, ya kwetu. Kapi la kisimani limefungwa kwenye tawi nene la mwembe, kamba ya katani upande mmoja na dumu la lita 20 upande wa pili. Likijaa maji ni kilo 20, likijaa mchanga mkavu linapita 30. Unavuta kwa mgongo. Sikuona haja ya milioni tatu na nusu.

Mambo ya msosi nayapita haraka maana huko Kinampanda hawana shida nayo, shida tunayo sisi wa chipsi. Utafiti uliokusanya majaribio 49 na kuchapishwa 2018 ulionyesha kuwa anayenyanyua vyuma ananufaika na protini hadi kufikia kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, zaidi ya hapo faida inafifia. Mtu wa kilo 65 ni gramu 104. Yai moja lina kama gramu 6. Dengu, maharage, karanga, maziwa mgando, na kuku wa kienyeji ambao Singida inasifika nao, unafika bila kununua kopo la unga lenye picha ya pandikizi la mtu. Kijana mmoja wa pale alikuwa ameletewa vidonge vya kunenepesha kutoka mjini. Nikamwambia ukweli: vingi vya aina hiyo ni deksamethasoni, dawa ya hospitali. Inajaza uso maji, inapandisha sukari, na ukiizoea inakula misuli na mifupa. Umejenga nini sasa? Alivitupa chooni mbele yangu, sijui kama alikuwa na vingine.

Mimi mwenyewe nimerudi Dar na bado naenda jimu ile ile ya vioo. Ila siku hizi naanza na vyuma kona ya nyuma, pale wasipokaa watu wa kupiga picha: kuchuchumaa na chuma mabegani, kuvuta chuma kutoka chini, kusukuma nikiwa nimelala. Nilianza na kilo 40, nikachekwa na mtoto wa form foo. Nikishachoka, nikiwa siwezi tena kukishikilia chuma vizuri, ndipo nahamia mashine kumalizia kifua na mapaja. Mara mbili kwa wiki kwa kila msuli, seti kama 10 kwa jumla, na kila moja naiacha nikiwa nimebakiza mara moja au mbili za kushindwa. Siku sina nauli napiga pushapu chumbani mpaka mikono inakataa, nazo zinajaza, wala usizidharau.

Juni 2025 nilirudi Kinampanda. Vijana 14 walikuwa wanafanya mazoezi nyuma ya jiko, wakiwemo walimu watarajiwa wawili wa kike, na mmoja wao ananizidi kuvuta chuma kutoka chini, jambo ambalo sikutaka kuliandika lakini binamu amenilazimisha. Gari la mnunuzi lilipofika sikuvua shati. Nilichuchumaa, nikalivuta gunia hadi mapajani, nikapumzika kidogo, likapanda begani. Nililifikisha. La pili nikasaidiwa.

Mjomba alikuwa kwenye mizani, akanitazama, akarudi kuhesabu pesa zake.

Juzi binamu kanipigia. Beseni la kumwagia sahani limepasuka na dukani kule yamebaki madogo matupu. Nimemtumia la sentimita 30 kwa basi la jana, anatakiwa kulipokea Misigiri leo jioni.